Rinda la Mtoto Hushonewa Mwaka Ujao

Ukishuka matatu Ruiru Jumamosi asubuhi ukaelekea sokoni, utasikia bei kabla hujaona nguo. "Za watoto mia! Mia, mia, mia, mama chagua!" Kwa hiyo mia unaondoka na rinda lililovuka bahari, zipu inapanda na kushuka vizuri, na ukiwa na jicho kali halina hata doa. Ukiwahi belo likifunguliwa ukapata kamera, zile nguo za kwanza ambazo bado zinang'aa, utalipa shilingi 200, pengine 300. Rinda la kitenge nililomshonea binti yangu mwishoni mwa mwaka jana lilimaliza zaidi ya 700: kitambaa, bitana, uzi, kifungo na utepe. Umeme wa pasi sijauhesabu, wala usingizi.

Basi anayetafuta nguo ya bei rahisi aende sokoni, na mtu asimdanganye vinginevyo. Mimi nashona kwa sababu ya kitu ambacho mtumba hauna, na hata nguo mpya ya dukani haina. Chukua rinda lolote la kiwandani, ligeuze ndani nje, utazame ubavuni na chini. Ubavuni kumeachwa kitambaa cha upana wa kucha. Pindo limekunjwa nusu inchi likaishia hapo. Kiwandani inchi 1 ikizidishwa kwa maelfu ya nguo ni pesa nyingi, kwa hiyo rinda hukatwa limtoshe mtoto wa leo tu. Akirefuka, hakuna pa kufungulia. Anayemshonea mtoto wake nyumbani hushona marinda mawili ndani ya moja: hili la kuvaliwa sasa, na jingine limekunjwa ndani, zamu yake haijafika.

Mimi si fundi wa nguo. Ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Thika, mtu wa grisi na spana, na nyumbani ni Gitambaya, hapa Ruiru. Majirani hucheka wakipita mlangoni wakanikuta nimeinamia cherehani. Huwauliza suruali walizovaa zilifupishwa na nani. Kuanzia Githurai hadi Thika, kando ya barabara, kuna wanaume wanaoshinda nyuma ya cherehani wakishona sare za shule na suti za harusi, na hakuna anayewacheka. Naona kinachowashangaza watu si mwanamume kushona, ni mwanamume kushona bila kulipwa.

Nilifunzwa na mama, Makongeni ya Thika, kwenye Singer ya kukanyaga ambayo anayo mpaka leo. Aliinunua kwa kulipa mdogo mdogo, mtindo ambao kampuni ya Singer yenyewe ilikuwa imewazoesha wateja wake tangu karne ya 19. Tulipokuwa watoto majirani wetu wengi walifanya kazi katika viwanda vya nguo, na vitambaa vyenye kasoro, vilivyokosa rangi mahali au kukatika uzi, viliuzwa kwa bei ya kutupa. Anayevaa mtumba siku hizi hakutani na aliyevaa kama yeye. Sisi tulikuwa tukitembea nyumba nzima tumevaa kitambaa kimoja, kuanzia shati la baba hadi pazia la dirisha.

Thika ulikuwa mji wa nguo, na kwa kiasi fulani bado ni mji wa nguo. Thika Cloth Mills ilianzishwa mwaka 1958, na hadi sasa inasokota, inafuma na kupiga chapa, vitenge na vitambaa vya sare vikiwemo. Kulikuwa na Kenya Toray Mills, iliyobeba jina la kampuni ya Toray ya Japani, hiyo ilifungwa. Huku Ruiru wapo Spinners and Spinners, watu wa mablanketi na nyuzi. Pamba ililimwa Lamu, Kitui, Meru, Busia, Siaya, na miaka ya 1980 mkulima alikuwa na sababu ya kuipanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa mitumba na nguo za nje. Kiwanda cha nguo cha Kicomi, Kisumu, kikafa. Rivatex ya Eldoret ikaanguka, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Sisemi mitumba pekee ndiyo iliyofanya hayo. Umeme ghali, mitambo mikuukuu na wizi wa ofisini vilisaidia sana. Lakini nilichokiona kwa macho yangu Makongeni ni hiki: nguo ya mtoto iliposhuka bei kuliko kitambaa cha kuishona, akina mama walifunika cherehani zao kwa vitambaa vya kudarizi wakaweka redio juu. Mabinti zao hawakujifunza, na wana ndio kabisa.

Mwaka 2020 ndio ulionirudisha kwenye cherehani. Machi serikali ilizuia mitumba isiingizwe nchini kwa sababu ya korona, na zuio hilo likakaa hadi Agosti. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, na kwa upande wetu mpaka ukawekwa kwenye daraja la Mto Chania. Ukiwa Thika uliiona Murang'a ng'ambo, miti yake na watu wake, lakini huvuki. Kazini zamu zilipunguzwa. Kila mwenye cherehani alishona barakoa, nami nikawa nakwenda kumsaidia mama. Barakoa ni shule nzuri: mikunjo mitatu, lastiki mbili, mishono minyoofu, halafu unaanza nyingine. Zilipojaa mitaani mpaka zikakosa mnunuzi, mama alinisukumia kipande cha kitenge kilichosalia.

"Baba, mshonee mama yako huyo kitu."

Nifafanue. Kikwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo binti yangu ni mama yangu, na ndivyo ninavyomwita. Mimi ni mvulana wa pili, nina jina la baba yake mama, kwa hiyo mama huniita baba. Mgeni akikaa nasi sebuleni jioni moja huondoka hajui nani alimzaa nani.

Huyo mama alikuwa na mwaka mmoja wakati ule. Alitoshwa na kipande kisichozidi kitambaa cha meza. Sasa ana miaka sita, na hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi.

Mtoto wa umri huo huongezeka urefu kama sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka, tuseme inchi 2 na nusu. Kiuno chake katika mwaka huo huo huongezeka sentimita 1, labda 1 na nusu. Anakwenda juu, hapanuki. Ukishika hilo umeshika nusu ya ushonaji wa watoto, na utaona kwa nini ile desturi yetu ya kununua nguo kubwa "ataijaza" haifanyi kazi. Rinda la mtoto wa miaka tisa likivaliwa na wa miaka sita linateleza mabegani, kwapa linafika mbavuni, mtoto anaonekana kama ameazimwa nguo. Atakapolifikia kwa urefu, kiuno bado kitakuwa kinapwaya, na rangi zimeshakwisha. Upana wa nguo uwe wa mtoto wa leo. Kinachofichwa ni urefu.

Na si urefu wote. Zile inchi 2 na nusu zinagawanyika: nyingine zinaenda chini ya goti, nyingine shingoni na kichwani, ambako rinda halifiki. Kutoka bega hadi goti ni kama nusu ya mtoto. Kwa hiyo rinda lenyewe linahitaji inchi 1 na robo kila mwaka, au 1 na nusu kwa mtoto anayekimbilia urefu. Pindo la inchi 3 ni miaka miwili. Ukifika inchi 4 pindo linakuwa zito, linaivuta sketi chini na kuifanya ining'inie vibaya, kwa hiyo akiba inayozidi hapo hutafutiwa mahali pengine.

Kumpima ndiko kugumu kuliko kushona.

"Mama, simama wima."

"Nimesimama."

"Umesimama kwa mguu mmoja."

"Baba, hiyo tepu inanitekenya!"

Dawa yake ni kuchukua rinda la zamani linalomkaa vizuri, ukalitandaza mezani na kulipima hilo, nguo haitekenyeki. Yabaki machache ya mwilini. Kifua, ukizungushia tepu chini ya kwapa na vidole viwili ndani yake. Kiuno, ambacho mtoto wa miaka sita hana. Tumbo lake limenyooka toka juu mpaka chini. Mfunge uzi tumboni, mwambie ainame kulia na kushoto kama anayecheza. Uzi utatulia penyewe pale mwili unapokunjika, na hapo ndipo kiuno. Pima toka bega hadi kwenye uzi. Wangu alitoka kifua 24, kiuno 22, bega hadi kiuno 10, bega hadi goti 24, zote inchi, maana mafundi wetu bado wanaongea kwa inchi hata wakinunua kitambaa kwa mita.

Halafu kichwa. Wengi hukisahau. Kichwa cha mtoto wa miaka sita kimeshafika karibu asilimia 90 ya kichwa cha mtu mzima. Mzunguko wake ni kama inchi 20. Shingo ya rinda ikikatwa ikae vizuri shingoni haiwezi kukipitisha, na ikikatwa ikipitishe, rinda litaanguka mabegani. Ndiyo sababu marinda ya watoto hupasuliwa mgongoni. Mpasuo wa inchi 5 na kifungo kimoja chenye kitanzi cha uzi vinatosha. Zipu inapendeza zaidi, lakini inauma ngozi, inakwama asubuhi mnapochelewa, na ikiharibika unafumua nusu ya nguo. Kifungo kikipotea unatia kingine.

Kitambaa nilikifuata Thika. Dada yangu alikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, Desemba, na kama ilivyo siku hizi, wanawake wa ukoo walikubaliana kitenge kimoja kwa wote. Mafundi wa Ruiru, mji ambao kwa hesabu ya watu ya 2019 una zaidi ya watu 490,000, karibu mara mbili ya Thika, walikuwa wamejaa kazi hata wanakataa malipo ya awali. Nguo za watoto ndizo za kwanza kukataliwa: vipimo vidogo, malipo madogo, usumbufu ule ule. Nikanunua mita 1 na nusu katika duka moja karibu na soko la Jamhuri.

Kitenge huja na upana wa inchi 45 hivi. Usitegemee maandishi ya ukingoni yakwambie kilikotoka. Kampuni ya Vlisco imekuwa ikipiga chapa Helmond, Uholanzi, tangu 1846, na nadhani imeigwa kwa muda karibu huo huo. Kinachomhusu mtoto ni kama hicho kitambaa ni pamba. Chomoa uzi mmoja ukingoni, toka nje, uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Poliesta huyeyuka, hujikunja, ikaacha punje ngumu nyeusi. Kwa jua la Januari na mtoto anayeruka kamba, ile ya punje ngumu mwachie mwenye duka.

Cha pamba kifue kabla hujakigusa kwa mkasi. Kitenge kipya kimejaa wanga wa kukifanya kisimame, na pamba ikilowa mara ya kwanza hupungua, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Fanya hesabu: kwenye rinda la inchi 24 hiyo ni inchi 1 nzima. Ukishona kwanza ukafua baadaye, maji ya kwanza yatakula karibu akiba ya mwaka mzima.

Kitenge cha ukoo kilikuwa na ndege wanaoruka, wote wakielekea upande mmoja. Kitambaa cha namna hiyo kinakula zaidi, kwa sababu huwezi kugeuza vipande huku na huku ili vijipange. Kila kipande lazima kichwa cha ndege kiwe juu. Nilikata kifua mbele na nyuma, nikakiongezea inchi 3 za kupumulia juu ya kile kipimo cha mwili, halafu inchi 1 kila ubavu ya kuachwa ndani, na inchi 1 kiunoni. Ile ya kiunoni ndiyo watu hawaiachi, na ndiyo muhimu. Mtoto akirefuka, kinachoonekana kwanza si goti. Ni mshono wa kiuno kupanda mbavuni. Rinda linaweza kufika magotini na bado likaonekana dogo kwa sababu hiyo tu. Ukiwa na inchi 1 ndani, unafumua, unashusha kiuno, unashona tena.

Mikono sikutia. Badala yake kifua kizima nilikitia bitana ya popilini nyeupe, ili mishono ya shingoni na kwapani isimwashe, na kingo zote zikafichwa huko ndani. Sketi ni upana mzima wa kitambaa, nikaukata katikati ili kila upande upate ubavu. Ukitoa ya mishono, inabaki inchi 41 za kuingia kwenye kiuno cha 25.

Hapa niseme kidogo kuhusu mashine, kwa kuwa ndiyo lugha yangu. Singer ya mama ina namba inayoanza kwa herufi E, alama ya kiwanda cha Clydebank, Scotland. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980 na mashine bado inashona. Isaac Singer alipata hataza yake mwaka 1851, miaka mitano baada ya Elias Howe kupata ya mashine ya nyuzi mbili, na tangu wakati huo kanuni haijabadilika. Sindano ina tundu kwenye ncha. Inazama na uzi wa juu, ikianza kupanda uzi unalegea na kufanya kitanzi, kichuma cha chini kinakidaka kitanzi hicho na kukizungusha kwenye bobini, kisha mkono wa juu unavuta. Nyuzi mbili zinakumbatiana katikati ya kitambaa, hazionekani. Ukiona vinundu chini ya kitambaa, uzi wa juu umelegea. Ukiviona juu, umekazwa mno. Watu wengi wananiletea cherehani "imekufa" kumbe ni skrubu moja ndogo ya kukazia uzi, au sindano imetiwa kinyume, au ni sindano ile ile tangu ilipotoka dukani. Sindano hushona nguo chache ikawa butu. Kwa kitenge weka namba 14.

Sasa kukusanya sketi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na haitaki haraka. Weka mshono mrefu kuliko yote mashine inayoweza. Piga mistari miwili sambamba pale juu ya sketi, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa mahali mshono wenyewe utakapopita, na mwishoni usirudishe nyuma. Ziache nyuzi zining'inie. Kunja sketi mara nne, tia pini kwenye kila robo. Fanya hivyo hivyo kiunoni. Kutanisha pini na pini. Kisha shika nyuzi mbili za chini, za bobini, uzivute pamoja polepole huku vidole vya mkono mwingine vikisukuma kitambaa kurudi nyuma. Za juu usiziguse, zitakatika. Kitambaa kinaanza kujikunja vidogo vidogo, ndege wanabanana bawa kwa bawa, na unavisambaza kwa ncha ya sindano mpaka kila robo imemkuta mwenzake. Mstari mmoja ungefanya kazi hiyo, lakini mikunjo ingelala ovyo kila upande. Miwili inaisimamisha. Ukishamaliza mshono wenyewe katikati yake, unaichomoa yote miwili.

Kingo za ndani za sketi nilimpelekea fundi mwenye ovaloki pale stendi, akazipitisha kwa shilingi chache. Halafu nikaipeleka nguo Makongeni kabla ya pindo, kama ada.

Mama hatazami uso wa nguo. Aliigeuza ndani nje pale pale, akavaa miwani.

"Ubavuni umeacha ngapi?"

"Inchi moja, mama."

"Akiota kifua?"

"Ana miaka sita."

"Hata wewe ulikuwa na miaka sita," akasema, akaendelea kukagua.

Pindo hushonwa kwa mkono, na kwa hili mama hakubali ubishi. Mashine inaacha safu ya matundu kwenye kitambaa, na siku ukishusha pindo matundu hayo yanabaki pale, yanatangaza. Kwa mkono unachota uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nje, mshono kila nusu inchi, bila kukaza. Ukitaka kufumua, unakata fundo na kuvuta.

Lakini lipo tatizo ambalo hata mshono wa mkono hauliondoi. Nje ya rinda hupigwa na jua na sabuni. Ndani ya pindo hakupigwi. Baada ya mwaka unashusha, na chini kunatokea ukanda wa rangi mbichi kama wa siku kilipotoka dukani, na mpakani kuna mstari mweupe ambapo mkunjo ulisuguana na viti. Kitenge chenye maua mengi huficha kiasi. Kitambaa cha rangi moja hakifichi kitu. Mafundi wa zamani walipitisha utepe juu ya mstari huo, au zigizaga, na kila aliyejua alijua. Mimi nautia utepe mapema, rinda likiwa jipya, inchi 3 juu ya pindo. Nikishusha, ule wa kufunika mstari ukija chini yake unaonekana ni wa pili kati ya miwili iliyokusudiwa.

Akiba nyingine niliitia katika vikunjo viwili vya kulala, vya nusu inchi kila kimoja, vinavyozunguka sketi juu ya utepe. Kila kimoja kinameza inchi 1 ya kitambaa. Mtu anaviona kama mapambo, na ni mapambo, mpaka siku utakapochomoa uzi. Ukijumlisha na pindo, sketi ina inchi 5 zilizofichwa. Kwa hesabu ile ya mwanzo hiyo ni miaka mitatu na zaidi, ila kwa kweli kitambaa huchoka kabla ya akiba kwisha. Rinda lake la kwanza la maana, nililomshonea akiwa na miaka minne, lilishushwa pindo, likashushwa kiuno, na sasa linavaliwa na binamu yake anayeishi Kenol, ambaye ni mfupi, kwa hiyo mama yake amelipandisha tena.

Nilimuuliza mwenye rinda anataka nini cha ziada. Sikutegemea jibu lake. Hakutaka rangi, wala maua ya kifuani.

"Mfuko."

Tazama marinda ya wasichana sokoni uone mangapi yana mfuko, kisha tazama kaptula za wavulana wa rika lao. Mfuko wa ubavuni ni vipande viwili vya bitana vyenye umbo la kiganja, inchi 3 chini ya kiuno. Unashona kila kimoja kwenye ukingo wake wa ubavu kabla ya kuufunga ubavu, kisha unafunga ubavu na mfuko kwa mshono mmoja unaozunguka. Ni kazi ndogo ikifanywa kwa wakati wake; ubavu ukishafungwa ni kufumua. Pima kiganja chake uongeze inchi 1 kila upande, maana nacho kinakua. Bitana iwe nzito kidogo kuliko ya kifuani. Na kabla ya kufua, pekua. Wiki iliyopita mlikuwa na nati tatu kutoka kwenye kisanduku changu cha kazi, kifuniko cha soda na nusu andazi. Nati hazidhuru kitu, lakini mafuta ya andazi yakilala kwenye pamba usiku mmoja, sabuni ya mche ndiyo itakayojua yatatokaje.